Mistari Miwili Niliyoipitisha: Kukagua Msimbo Unaoiga Amri za Prosesa

Ilikuwa mistari miwili tu. Wa kwanza uliweka anwani ya kurudi kwenye rejista ya matokeo, rejista ikiwa ni kihifadhi kidogo cha namba ndani ya prosesa. Wa pili ulisoma rejista ya msingi, ukaongeza umbali uliobebwa ndani ya amri, ukapata mahali pa kurukia. Niliisoma yote miwili, nikaona kila mmoja unafanya kazi yake, nikaandika kwamba nimekagua na nimeridhika. Wiki chache baadaye mashine ya majaribio ilianguka pale mwenzetu mmoja alipotega mtego katikati ya kitendakazi cha moduli, kipande cha msimbo kinachoongezwa kwenye mfumo ukiwa kazini. Logi ilionyesha prosesa ikitekeleza kitendakazi cha jirani ambacho hakuna aliyekiita, tena kuanzia katikati.

Kwa wasioshinda ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, nieleze kwanza kazi yenyewe. Kerneli ya Linux ina njia ya kutega mtego karibu popote kwenye msimbo wake huku mashine ikiendelea na shughuli. Njia hiyo, kprobes, iliingia kwenye toleo la 2.6.9 mwaka 2004. Ndugu yake wa upande wa programu za kawaida, uprobes, alifuata kwenye toleo la 3.5 mwaka 2012. Mtego hutegwa kwa kuifunika amri iliyopo na kuweka mahali pake amri ya kusimamisha, kila familia ya prosesa na yake: kwenye x86 ni baiti moja, 0xCC, kwenye arm64 ni BRK, kwenye RISC-V ni EBREAK. Prosesa ikifika hapo inakatizwa, kerneli inashika usukani, inarekodi kile ambacho mfuatiliaji alitaka kukijua, kisha inabaki na deni. Amri iliyofunikwa bado haijatekelezwa, na programu inaisubiri bila kujua kwamba inasubiri.

Deni hilo hulipwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuinakili amri pembeni, kuitekeleza huko peke yake, halafu kurudi. Inatosha kwa amri kama ya kujumlisha rejista mbili, maana kujumlisha hakujali kunafanyikia wapi. Lakini zipo amri zinazojali. Inayosema "ruka hatua kadhaa kutoka hapa" ukiihamisha, "hapa" yake imebadilika. Kwa amri za aina hiyo kerneli huiga: inaisoma amri kama namba, inaifumbua, inafanya kwa lugha ya C kile ambacho prosesa ingefanya, inarekebisha rejista zilizohifadhiwa, kisha inaiachia programu iendelee kana kwamba hapakuwa na mtu njiani. Msimbo wa kuiga amri moja ni mfupi, mara nyingi haujazi hata nusu ya skrini, na ufupi huo ndio ulionipumbaza.

Amri ya siku ile ilikuwa JALR ya RISC-V. Hufanya mambo mawili kwa pamoja: huruka kwenda kwenye anwani iliyo ndani ya rejista moja, ikiongezewa umbali wa biti 12, na huacha anwani ya kurudi kwenye rejista nyingine. Nimesema nyingine kwa mazoea, na mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza. Hakuna kinachozuia rejista hizo mbili kuwa ile ile. Zikiwa ile ile, basi ukiandika anwani ya kurudi kwanza umeshaifuta anwani ya kwendea kabla hujaisoma.

Wala hali hiyo si nadra. Kwenye RISC-V mwito wa kitendakazi kilicho mbali huandikwa kwa jozi ya amri: AUIPC inaweka sehemu ya juu ya anwani kwenye rejista ra, kisha JALR inaisoma ra na kuandika juu ya ra hiyo hiyo. Ndiyo sura ya kila siku ya mwito wa mbali. Majaribio yetu hayakuikuta kwa sababu kiunganishi, programu inayounganisha vipande vya msimbo, kikiona kinachoitwa kiko ndani ya megabaiti moja hivi, huibana jozi hiyo ikawa amri moja ya kuruka, JAL, na vitendakazi vyote tulivyovijaribu viliishi karibukaribu ndani ya kerneli yenyewe. Moduli hazibanwi hivyo. Mwenzetu alitega mtego wake kwenye JALR ya moduli, msimbo wetu ukaichafua ra, ukahesabu mahali pa kwenda kutoka kwenye anwani ya kurudi, na prosesa ikatupwa si zaidi ya kilobaiti mbili hivi kutoka pale ilipokuwa. Biti 12 zenye alama haziwezi kukupeleka mbali zaidi ya hapo.

Kurekebisha kulichukua dakika moja: hesabu kwanza, andika baadaye. Mimi nilichukua muda mrefu zaidi. Nilirudia ule ukaguzi wangu nikaona kwamba hakuna mstari niliouruka. Niliusoma msimbo nikauelewa, na kosa halikuwa limeandikwa popote kwenye msimbo. Lilikuwa kwenye kitabu cha prosesa, katika hali ambayo msimbo haukuitaja na mimi sikuiuliza. Tangu siku hiyo sifungui kiraka cha uigaji, yaani badiliko la msimbo linaloletwa kukaguliwa, kabla sijafungua kitabu. Nachukua karatasi, naandika jina la amri, kisha safu tatu: inasoma nini, inaandika nini, na nini kinatokea vikigongana. Nikishamaliza karatasi ndipo ninapousoma msimbo wa mwenzangu, na ninausoma kwa kuulinganisha na karatasi. Nikianza na msimbo, akili yangu hufuata njia aliyopita mwandishi, na mashimo aliyoyaruka nami nayaruka.

Safu hizo tatu zililipa mapema. Prosesa nyingi huwa na rejista isiyo ya kawaida, na waandishi wengi, hata walio hodari, huisahau. RISC-V ina x0, ambayo husomeka sifuri daima na chochote unachoiandikia hupotea. Sasa tazama jinsi kerneli inavyozihifadhi rejista za RISC-V wakati wa kukatizwa: kwenye muundo wa pt_regs nafasi ya kwanza kabisa ni epc, yaani anwani ambayo programu itarudi kuendelea. Ya pili ni ra, ambayo ni x1, ya tatu ni sp, ambayo ni x2, na kadhalika. Kwa hiyo mwandishi akiuchukua muundo huo kama safu ya namba na kutumia namba ya rejista kama faharasa, x1 hadi x31 zinakaa sawa kabisa, na x0 inaangukia juu ya epc. Amri ya kuruka isiyotaka anwani ya kurudi huandikwa ikiwa na x0 kama rejista ya matokeo. Iige bila kinga, nawe utakuwa umeandika juu ya anwani ambayo programu inatakiwa kuirudia. Msimbo ulio kwenye kerneli yenyewe unajikinga: namba ikiwa sifuri, kusoma kunarudisha sifuri na kuandika hakufanyi kitu. Katika nakala yetu kuna mtu aliandika njia fupi ya kukwepa kinga hiyo ili kuharakisha, na ile safu ya "inaandika nini" ndiyo iliyonifanya nisimame.

Kwenye arm64 rejista ya namna hii imekaa mwisho. Rejista namba 31 wakati mwingine ni sifuri na wakati mwingine ni SP, inayoonyesha kilele cha steki, yaani rundo la kumbukumbu ya muda la programu, kutegemea amri. Namba ni ile ile, biti tano zile zile, maana mbili. Ukikagua msimbo wa CBZ, amri inayoruka rejista ikiwa sifuri, 31 ni sifuri. Ukikagua amri inayosukuma kitu kwenye steki, 31 kama rejista ya msingi ni SP, na 31 kama rejista ya kuhifadhiwa ni sifuri, ndani ya amri hiyo hiyo moja. Sijui njia nyingine ya kulishika hili isipokuwa kuliandika upya kila mara. Nimeshaandika neno "31?" kwenye karatasi nyingi kiasi kwamba mkono unaliandika wenyewe.

Safu ya nne ilitokana na kosa la kufumbua amri, na mfano wake bora uko hadharani kwenye historia ya kerneli ya RISC-V. Amri fupi za baiti mbili zimebanwa sana, na mbili zinaweza kutofautiana kwa sehemu ndogo mno. C.JR huruka kwenda kwenye anwani iliyo ndani ya rejista. C.MV hunakili rejista moja kwenda nyingine. Zote mbili zina biti zile zile mwanzoni na mwishoni. Kinachozitenganisha ni sehemu ya rejista ya pili, ambayo kwa C.JR lazima iwe sifuri. Msimbo wa awali ulitumia maski 0xf007, namba inayochagua biti za kuangaliwa, kuitambua C.JR. Maski hiyo haiangalii sehemu yote ya rejista ya pili, kwa hiyo nakala za kawaida za rejista zilionekana kama miruko, na C.ADD, ya kujumlisha, nayo ilionekana kama C.JALR, ya kuita. Marekebisho yalikuwa kuipanua maski iwe 0xf07f. Tarakimu mbili za heksadesimali, na tofauti kati ya "nakili namba hii" na "ruka uende kwenye namba hii". Ukiongeza kwamba C.JALR ikiwa na rejista sifuri inageuka kuwa C.EBREAK, 0x9002, yaani amri ile ile tunayotegea mitego, unaona kwa nini sasa safu ya nne kwenye karatasi yangu inauliza: nani anafanana naye?

Ninapokagua maski siku hizi sitosheki na kuangalia kwamba inaikubali amri inayotakiwa. Ninachukua majirani zake kwenye jedwali la kitabu, mmoja mmoja, na kuwapitisha kwenye maski kwa kalamu. Ni kazi ya kuchosha na siwezi kuipamba. Lakini amri isiyotambuliwa kabisa mara nyingi hukataliwa tu, mtego hautegwi na mtu anapata ujumbe wa kosa. Amri iliyotambuliwa vibaya hutekelezwa vibaya, ndani ya kerneli, na mamlaka yote ya kerneli.

Mamlaka hayo ndiyo yaliyoleta safu ya tano, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa nadhani hapa ndipo wakaguzi wengi tunapokosea kwa pamoja.

Arm64 ina amri ya kupakia namba iliyokaa karibu na msimbo: LDR ya aina ya "literal", inayochukua anwani ya amri yenyewe, inaongeza umbali, na kusoma kumbukumbu ya mahali hapo. Ni miongoni mwa amri zinazojali mahali zilipo, kwa hiyo huigwa. Waandishi wa kprobes waliiiga kwa njia iliyo dhahiri: hesabu anwani, soma kwa C kama unavyosoma kigeu chochote. Kwa kerneli inayojifuatilia yenyewe njia hiyo inafaa, maana anwani ni ya kerneli na msomaji ni kerneli. Kisha uprobes zikaja kwenye arm64, na vitendakazi vile vile vikatumika tena bila kubadilishwa. Mwaka 2024 vikaondolewa upande wa uprobes, na sababu zilizotolewa ninazisoma upya kila mwaka.

Kumbukumbu ya programu ya mtumiaji inaweza isiwepo kwa wakati huo. Ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu, umeondolewa na lazima uletwe. Usomaji wa kawaida wa C ndani ya kerneli hauna njia ya kushughulikia hilo, kwa hiyo kerneli hulichukulia kama kosa lake yenyewe na kuanguka. Hapo hapo, prosesa nyingi za arm64 zina kinga iitwayo PAN, inayoizuia kerneli kugusa kumbukumbu ya mtumiaji bila kutumia njia rasmi, hivyo kwenye mashine hizo uigaji ule haukuweza kufanya kazi kamwe. La tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Amri hiyo inafika megabaiti moja mbele au nyuma. Programu iliyo na msimbo kwenye megabaiti ya kwanza kabisa ya anwani zake inaweza kuhesabu kurudi nyuma kupita sifuri, na hesabu ikazunguka ikaangukia megabaiti ya mwisho ya anwani zote, ambayo ni ya kerneli. Prosesa halisi ingekataa, maana anayesoma ni mtumiaji. Mwigaji alikuwa kerneli, na kerneli inaruhusiwa.

Ukivisoma vitendakazi vile peke yake huoni kosa. Hesabu ni sahihi na rejista ni sahihi. Kosa limo katika swali la nani anayesoma, na swali hilo halimo ndani ya faili. Limo kwenye mstari mmoja wa faili nyingine, ule uliosema kwamba uprobes nazo zitumie jedwali hili. Kwa hiyo kiraka chochote kinachosema "tunatumia tena" sasa kinanipeleka kusoma kile kinachotumiwa tena tangu mstari wa kwanza, hata kama kimekaguliwa na watu ninaowaheshimu. Walikikagua kwa ajili ya kazi nyingine. Safu ya tano inaitwa "kumbukumbu ya nani".

Marekebisho ya mwaka huo yaligusa jambo jingine dogo ambalo nalitaja kwa haraka. Mwigaji alikuwa akisoma biti 64 kila mara, halafu akitaka 32 anatupa nusu ya juu. Kwenye mpangilio wa baiti uliozoeleka unapata nusu sahihi. Kwenye mpangilio wa kinyume unapata namba ya jirani. Na amri zenyewe za arm64 hukaa daima kwa mpangilio wa baiti ndogo kwanza, hata data ikiwa imepangwa kinyume, kwa hiyo kuzisoma amri kama data ni kosa jingine linalolala kimya mpaka siku mtu atumie mashine ya namna hiyo.

Kiraka kilichonifunza zaidi kuliko vyote kiliandikwa na kijana wa timu yetu, na sehemu kubwa ya nilichojifunza alinifunza yeye.

Alitaka kuiga STP inayosukuma x29 na x30 kwenye steki, ile inayofungua vitendakazi vingi vya arm64. Sababu yake ilikuwa nzuri. Watu hupenda kutega mitego mwanzoni mwa kitendakazi. Amri ya mwanzo ikitekelezwa pembeni, programu inakatizwa mara mbili: mara ya kwanza kwenye mtego, mara ya pili nakala inapomaliza. Ukiiga, kukatizwa kwa pili kunaondoka. Kwenye programu inayoita kitendakazi hicho bila kupumzika, mfuatiliaji anauona mzigo huo waziwazi.

Nilimwandikia maswali mengi. Moja lilihusu kushindikana katikati. Amri inaandika baiti 16. SP ikiwa imepangwa kwa 16 na umbali ukiwa -16, baiti hizo haziwezi kuvuka mpaka wa ukurasa. Lakini umbali wa STP hupimwa kwa nane nane, kuanzia -512 hadi 504, kwa hiyo -24 inaruhusiwa, na hapo nusu moja inaweza kuwa kwenye ukurasa uliopo na nusu nyingine kwenye ukurasa usioandikika. Msimbo wake ulibadilisha SP kwanza, kisha ukanakili. Kunakili kukishindwa, programu ingerudi ikiwa na SP iliyosogezwa na amri ambayo haikutimia.

Alijibu kwa utulivu: "Sawa dada, basi SP itabadilika mwisho, na kunakili kukishindwa tunarudi kwenye njia ya zamani, tunaitekeleza pembeni. Prosesa itatoa kosa lile lile ambalo ingetoa bila sisi."

Jibu hilo lilikuwa bora kuliko nililokuwa nimeliandaa. Mimi nilikuwa nimeandika aya nzima juu ya jinsi ya kutuma ishara sahihi ya kosa kwa programu, na nani ahesabu anwani ya kuripotiwa. Yeye aliona kwamba hatuhitaji kuiga kushindwa. Baiti nane zilizokwisha kuandikwa zitaandikwa tena na thamani zile zile, SP haijaguswa, na prosesa inajua kushindwa vizuri kuliko sisi. Niliifuta aya yangu. Safu ya sita, "ikishindikana katikati", ina jibu lake tayari kwenye amri nyingi: rudi kwa mwenye kazi.

Kisha nikakosea. Kwenye kiraka kile kile alikuwa amerekebisha hesabu ya ADRP, amri inayokokotoa anwani kuanzia mahali ilipo, na nikamwandikia, kwa uhakika mwingi, kwamba anwani ya msingi lazima iwe mbele ya amri. Nilikuwa nimetoka kwenye ARM ya biti 32, ambako ukisoma PC, rejista ya mahali prosesa ilipofika, unapata anwani iliyo baiti nane mbele, au nne kwenye Thumb, seti yake ya amri fupi. Mkono ulishazoea. Aliniandikia: "Dada, samahani, naomba uangalie tena. Kwenye arm64 PC ni anwani ya amri yenyewe." Akaweka namba ya sehemu ya kitabu. Nilifungua, nikasoma, nikamjibu mbele ya timu nzima kwamba yeye yuko sahihi na mimi nimekosea, na nikamshukuru kwa jina.

Nalisimulia hilo kwa sababu najua maoni ya mkaguzi mwenye miaka mingi yana uzito ambao hayakuustahili kila mara. Mwandishi mwingine angebadilisha msimbo sahihi ukawa mbovu ili kunipendeza, nami ningeupitisha. Tangu hapo maoni yangu yote juu ya tabia ya prosesa yanabeba sehemu ya kitabu. Nisipoipata sehemu, naandika kama swali. Mambo haya hayafuati mantiki moja ambayo mtu anaweza kuikisia: x86 huhesabu kutoka mwisho wa amri, ARM ya zamani kutoka baiti nane mbele, arm64 na RISC-V kutoka kwenye amri yenyewe. Akili inayohama kati ya hizo tatu kwa siku moja haifai kuaminiwa bila kitabu.

Kuhusu majaribio nina machache. Kiraka chake cha kwanza kilikuja na majaribio yaliyopita yote, na nilipoyafungua niliona kwamba thamani iliyotarajiwa ilitoka kwenye kitendakazi kile kile cha kufumbua amri kilichokuwa kikijaribiwa. Msimbo ulikuwa ukijiuliza wenyewe na kujikubalia. Tukayaandika upya kwa namna rahisi: chukua amri halisi, ijaze rejista kwa thamani za ovyo, itekeleze kwenye prosesa halisi, hifadhi matokeo, kisha pitisha amri hiyo na thamani hizo kwenye mwigaji, na linganisha kila rejista, hata zile ambazo amri haizihusu. Thamani za ovyo ndizo zilizotutolea kosa la kwanza. CBZ ya upande wa w, yaani ya biti 32, ilikuwa inasoma biti zote 64, na kwa thamani ndogo ndogo za majaribio ya zamani biti za juu zilikuwa sifuri siku zote. Tukaziingiza pia hali ambazo kalamu yangu ilikuwa imeziwekea alama: rejista ya kusoma na ya kuandika zikiwa moja, namba 31, umbali hasi, umbali wa mwisho kabisa unaoruhusiwa.

Na kuna kukataa. Jedwali la kufumbua la arm64 lina majibu matatu: amri hii inafaa kunakiliwa pembeni, amri hii tutaiiga, amri hii hatutegi mtego. Jibu la tatu huonekana kama kushindwa, na waandishi wa viraka hulikimbia. Mimi nimelipenda. Chukua LDXR na STXR, jozi inayosoma na kuandika kwa sharti kwamba hakuna aliyegusa kati yao. Ukitega mtego katikati, kukatizwa kunavunja sharti, STXR inashindwa, programu inarudi juu kujaribu tena, inakuta mtego tena, na haitoki humo milele. Kerneli hutazama nyuma ikikuta LDXR hukataa kabisa. Mfuatiliaji anakasirika kwa dakika moja, anatega hatua chache mbele, anaendelea. Nikiona kiraka kinachoondoa kukataa, nauliza maswali mara mbili ya yale ninayouliza kwa kiraka kinachoongeza uigaji.

Sasa hivi ninacho kiraka cha BL na RET, amri za kuita kitendakazi na kurudi. Msimbo wa kuiga BL ni wa zamani na ulikuwa sahihi ulipoandikwa: weka anwani ya kurudi kwenye x30, ruka. Ila prosesa zimeendelea kujifunza kukumbuka. Steki ya kivuli, nakala ya anwani za kurudi ambayo programu haiwezi kuigusa ovyo, ilifika kwa programu za x86 kwenye toleo la 6.6 mwaka 2023, na arm64 ina yake, GCS. Inapowashwa, BL halisi huandika x30 na pia husukuma anwani hiyo hiyo kwenye steki ya kivuli, na RET huilinganisha. Mwigaji anayeandika x30 peke yake anaiacha programu na vitabu viwili visivyolingana, na RET itakapofika, programu isiyo na kosa lolote inauawa kama mshambulizi. Hakuna mstari uliobadilika kwenye msimbo ule. Prosesa ndiyo iliyobadilika chini yake.

Nimemwomba mwandishi asukume kwenye steki ya kivuli kabla ya kugusa x30, na ikishindikana asiguse chochote. Amekubali, na toleo la pili limefika jana. Karatasi yangu sasa ina safu ya saba: ni nini kingine ambacho prosesa inakumbuka. Kwa BL, BLR (mwito kupitia rejista) na RET nimeshaijaza. Kwa amri nyingine tunazoiga bado iko tupu, na nimefungua kitabu kwenye sura ya amri ya kuruka kwa masharti, B.